Mlango Usio na Nyayo

Majira yale ya baridi nilifanya kazi nikiwa nyumbani kwangu, mtaa wa Mount Dennis, Toronto. Nilikagua picha za mitaa ya jiji hilo zilizopigwa na teksi zisizo na dereva. Kila zilipopita kutafuta abiria, zilirekodi mashimo, vibao na milango. Mwongozo wa kampuni ulisema: mlango wenye theluji isiyo na nyayo, andika “hautumiki.”

Ijumaa moja ikaja picha ya asubuhi hiyo hiyo. Mlango wa kijani, na kando yake ufagio wa chelewa uliozama nusu kwenye theluji. Mtaa mzima, nani mwingine ana ufagio wa chelewa? Ulikuwa mlango wangu. Theluji ilianguka Jumatatu, na haikuwa na alama hata ya kiatu kimoja.

Nilipandwa na hasira. “Mimi nipo!” niliifokea kompyuta, na sauti ikanitoka ikikwaruza, maana wiki nzima sikuwa nimesema na mtu.

Kisha nikausoma mwongozo upya, nikaandika “hautumiki.” Msimamizi akapitisha bila swali.