Mabango Tuliyosomeshwa kwa Masikio

Nilisoma historia ya usanifu wa michoro kwa mwaka mzima bila kuonyeshwa mchoro hata mmoja. Nikisema hivi watu hudhani natia chumvi. Sitii. Katika chuo chetu, pale katikati ya mji, somo hilo lilifundishwa kwa imla. Mwalimu aliketi, akafungua karatasi zake zilizolainika kama kitambaa kwa kushikwashikwa, akasoma polepole, nasi tukaandika: "Bango la baiskeli. Mwanamke amepanda baiskeli, uso ameuelekeza mbele. Nukta. Gauni lake ni jekundu. Nukta. Wekundu huo ndio unaoliita jicho. Nukta."

Kulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa vita. Mashine ya kuonyeshea picha ukutani ilikufa, na kipuri hakikuweza kuingia nchini kwa sababu ya vikwazo vya biashara tulivyowekewa. Vitabu vya picha vilikuwa vimefungiwa kabatini, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa amekimbilia nje ya nchi. Kabati lenyewe lilisimama kwenye korido, tukilipita kila asubuhi. Katika mji ambao milango ya nyumba za watu ilikuwa ikivunjwa kila siku, hakuna aliyethubutu kuvunja kufuli ile ndogo. Hilo mpaka leo linanikera kuliko mambo mengi makubwa.

Mimi nina ugonjwa wa kufikiri. Wenzangu waliandika "uso ameuelekeza mbele" wakaendelea. Mimi nilikwama hapo. Mbele ya nani? Mbele ya baiskeli, au mbele yangu? Kama ni mbele yangu, basi mwanamke ananitazama, na bango ni la namna nyingine kabisa. Nilinyoosha mkono nikauliza.

"Madmazeli," alisema mwalimu, aliyetuita wasichana wote hivyo kwa Kifaransa, bila kuinua macho, "andika."

Darasa likacheka. Nyumbani kwetu, mtaa wa Ngagara, nilimchora yule mwanamke akitazama kulia, nikamchora akinitazama, nikamchora akitazama chini kama anayehofia mashimo ya barabarani. Mama yangu, aliyekulia mtaa wa Buyenzi na hakuwahi kuzungumza nasi kwa lugha nyingine ila Kiswahili cha huko, alisimama nyuma yangu.

"Mi nalipa masomo, we unachora mwanamuke wa baiskeli? Hata kwao hukujui!"

Mama alikuwa akiuza vitambaa ili nimalize mwaka ule. Haja yake ilikuwa moja tu: nipate diploma kabla chuo hakijafungwa tena. Kilikuwa kimeshafungwa na kufunguliwa mara kadhaa, na kila kilipofungwa, baadhi yetu hawakurudi. Kufeli somo moja kungenirudisha nyuma mwaka mzima, na nani angejua kama mwaka huo ungekuwepo?

Siku moja, karibu na mitihani, Mama alinituma mtaa wa Rohero kununua karafuu kwenye duka la Mwarabu mmoja mzee, ambaye baba yake na babu yake waliuza katika duka hilohilo. Mifuko ya plastiki ilikuwa imeadimika. Mzee alikuwa akifungia bidhaa kwa kurasa za kalenda kubwa ya Ulaya, ya miaka iliyopita, yenye karatasi nzito. Alipochana ukurasa mwingine niliona gurudumu la baiskeli.

"Baba, ngoja kwanza!"

"Karatasi iko safi, mwanangu, usiogope."

"Apana, naomba nisome pale chini."

Akanitazama kwa jicho moja. "We unataka karafuu ao unataka karatasi? Karatasi mi siuzi."

Pale chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno yaleyale tuliyoandikishwa: jina la bango, mwaka wake, mji lilikopigiwa chapa. Ndilo lenyewe. Na gauni la mwanamke lilikuwa la njano. Njano kali, kama ganda la ndizi mbivu. Wekundu haukuwepo popote isipokuwa kwenye midomo yake. Tena alikuwa amegeuza kichwa, anatabasamu, ananitazama mimi. Nilisimama kwenye kaunta nikiwa na machozi ya hasira, na yule mzee akadhani nimefiwa.

"Chukua mwanamuke wako, chukua," aliniambia kwa upole. "Karafuu nitazifunga mu gazeti. Mama yako akisikia zina harufu ya habari mbaya, umwambie si kosa langu."

Furaha ilidumu hadi nilipofika nyumbani. Hapo nikaanza kulichunguza jambo upya. Labda jua lilikuwa limepausha rangi. Nilianika kipande cha karatasi nyekundu dirishani kwa siku nyingi. Kilipauka kikawa waridi, hakikuwa njano. Labda mpiga chapa wa kalenda alikosea. Labda yalikuwepo mabango mawili. Lakini kama mwanamke alinitazama mimi, basi hata maelezo ya uso yalikuwa yameachwa nusu, na aliyeyaacha nusu angeweza kukosea rangi pia. Kila nilipofika hapo nilirudi mwanzo.

Mwishowe nilimpelekea mwalimu ule ukurasa, kwenye korido, mbele ya lile kabati. Aliutupia jicho kama mtu anayeogopa kuombwa msaada.

"Rangi imepauka."

"Nyekundu ikipauka inakuwa waridi, Prof."

"Hii ni kalenda. Kalenda si chanzo." Akaenda zake.

Kalenda si chanzo! Na karatasi zake laini, zilikuwa chanzo? Mwenzangu mmoja aliyesikia yote alinivuta kando. "Dada, we andika nyekundu, tutoke humu. Ukifika nje, utavaa njano hata mwezi mzima."

Alisema kweli, na ndiyo maana niliudhika zaidi. Sisi wa Ngagara, habari za watu wa ng'ambo ya barabara, ambao vita vilitutenga nao, tulisimuliwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga huko: walivyo, wanavyofikiri, wanachotupangia. Bila shaka na wao walisimuliwa habari zetu vivyo hivyo. Tuliandika yote vichwani na hatukuuliza. Sikutaka na chuo kinifundishe hivyohivyo, tena kwa ada ya Mama.

Mtihani ulikuja na swali nililoliogopa: eleza kazi ya rangi nyekundu katika bango la baiskeli. Nilikaa muda mrefu nikilitazama. Kisha nikaeleza kazi ya rangi ya njano, na nikaeleza kwa nini. Alama nilizopata sitaki kuzitaja. Niliitwa kujitetea kwa mdomo.

"Gauni ni rangi gani?" mwalimu aliuliza. Tulikuwa wawili tu chumbani.

"Katika maandishi yako ni jekundu. Katika bango ni la njano."

"Sikukuuliza habari za maandishi yangu."

"Prof, wewe bango uliliona?"

Aliweka kalamu chini. Kisha, pengine kwa uchovu tu, alinijibu ukweli. Naye alipokuwa mwanafunzi aliona picha moja, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyozungushwa darasani. Habari ya wekundu aliisikia kwa mwalimu wake.

"Nikibadilisha rangi, madmazeli, nabadilisha somo zima la saa ile. Na kwa ajili ya nini? Watu wanakufa huko milimani, wewe unanisumbua na gauni."

Hapo ndipo nilipoacha kumwogopa. Maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia kila mahali. Bomba halitoi maji: watu wanakufa, wewe unauliza maji. Karani hayupo ofisini: watu wanakufa. Vita havikuvunja kila kitu katika mji ule. Vingine tulivivunja wenyewe, kisha tukavisingizia vita.

"Wanaokufa hawakukuomba useme nyekundu," nilisema.

Hakunipa alama ya kupita. Ila jopo la walimu lilipokaa, masomo yangu mengine yalibeba lile lililoanguka, kama desturi ilivyoruhusu, na jina langu likabandikwa ukutani pamoja na majina ya waliofuzu. Nilipita kwa huruma, si kwa njano. Wenzangu walinikumbatia, nami nilitaka kuwasukuma.

Mama alipiga vigelegele, akanunua kreti la Fanta, akasema ni lazima tukawashukuru walimu.

"Mi siendi," nilimwambia. "Nitashukuru nini?"

"Basi kaa na hasira yako, itakupikia."

Akaenda peke yake. Aliporudi alivua viatu taratibu, akaketi.

"Nimemuona yule mwalimu wako. Anasema mutoto wangu ana kichwa kigumu."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia: ni kweli, kigumu sana. Lakini macho yake ni mazima."

Sijui kama alikuwa ananitetea au ananiombea radhi. Nilimuuliza, akaniambia nimletee maji ya kunawa miguu. Diploma ninayo, ina muhuri na saini, na imeandikwa kwamba historia ya usanifu wa michoro nimeisoma.