Kinena cha Barasa na Yule Rose wa Viazi

Mimi ni mjinga. Nimeanza hivyo ili msihangaike kunitukana.

Niliamini kwamba mchezaji wa mpira akishikwa na maumivu ya kinena, pale paja linapokutana na tumbo, ni kwa sababu amelala na mwanamke asiye wake. Na si hayo tu! Niliamini upande unasema yote. Kinena cha kulia, mke wa jirani. Cha kushoto, mwanamke wa mbali. Vikiuma vyote viwili, aitwe mchungaji pamoja na wakili.

Cheka. Ukimaliza urudi, kwa sababu kuna harusi iliyokufa kwa ajili ya ujinga huo, na aliyeiua ni mimi.

Habari hii nilipewa na kipa mmoja wa zamani hapa mtaani Rhonda, naye aliipata kwa kipa mwingine. Makipa husimama peke yao muda mrefu, nadhani ndiyo huwaletea mawazo.

Mimi nilikuwa daktari wa timu ya mtaa. Msiulize nilisomea wapi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu zangu, nikapata B ya Bayolojia, B ambayo nina hakika ilitikisa mlima Menengai. Vijana wakanikabidhi begi lenye bandeji na chupa ya dawa ya kuchua, wakaanza kuniita Dakta. Mtu akiitwa Dakta kila siku, mwishowe anaitika!

Sasa, tulikuwa na desturi yetu. Mchezaji wa kinena analetwa katikati ya uwanja, wenzake wanamzunguka, anataja jina la mwanamke. Akishataja namchua kwa dawa kali na maji moto ya chumvi, halafu watu wawili wanamvuta miguu, mmoja huku, mwingine kule, kama wanaopasua kuni. Kisha anaingia kucheza. Kuungama ndiko tulikoita dawa. Na watu walikuwa wanapona! Ama ndivyo nilivyodhani. Leo najua walikuwa wananyamaza tu. Nani angerudi kulalamika mara ya pili?

Barasa alikuwa winga wetu wa kushoto. Jina si hilo, ila mguu ulikuwa ndio huo: akikimbia kando ya uwanja, vumbi lake lilifika siku iliyofuata. Kazi yake ilikuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la viazi, Mau Narok kwenda na kurudi. Alikuwa amemchumbia Nyambura, binti mwenye duka la maziwa kule Njoro. Wazazi walikuwa wamekubaliana, nguo za harusi ziko kwa fundi.

Tukiwa tunajiandaa kwa nusu fainali ya mtaa, Barasa akaja mazoezini anachechemea, mkono umeshika ndani ya paja.

"Upande gani?" nikauliza.

"Kushoto, Dakta."

"Aaaii! Mbali!" timu nzima ikapiga kelele.

Tukamweka katikati. Akasema, "Dakta, nilikuwa napiga krosi tu, nikasikia kitu kimekatika hapa ndani."

"Kitu gani hukatika, kamba ya ng'ombe? Taja jina tukuchue."

"Hakuna jina."

"Lori likikosa mzigo, hulali Mau Narok?"

"Nalala. Ndani ya lori, na dereva."

"Basi ni dereva!" kipa wetu akasema, watu wakaanguka chini kwa kicheko.

Barasa hakucheka. Jasho lilikuwa limemjaa usoni na jua lilikuwa halijatoka vizuri. Akaniuliza polepole, "Nikisema, mtaniacha nikae chini?"

"Sema kwanza."

"Sawa. Ni Rose."

"Rose nani?"

Akatazama juu. Akatazama chini. "Rose… wa viazi."

Uwanja ukalipuka! Nami nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Jamani, mtu anayetafuta jina la mpenzi wake mawinguni, na mimi na B yangu sikuona kitu!

Tukamvuta miguu. Alilia mpaka mbwa wa mtaa wa pili, Kaptembwo, wakamjibu. Siku ya mechi tukamfunga bandeji, nikamwambia umeungama, umepona, kimbia. Alikimbia kidogo, akainua mguu kupiga krosi, akaanguka kama gunia. Walimtoa kwa mabega. Ndani ya paja palikuwa pameanza kugeuka rangi, zambarau kabisa. Unajua nilisema nini? Nilisema hakuungama wote. Kuna mwingine amemficha.

Nikikumbuka hapo natamani kujizaba makofi.

Vijana nao walitunga wimbo wa Rose wa viazi. Wimbo hauna miguu lakini ulifika Njoro, ukaingia duka la maziwa. Nyambura akanipigia simu mimi, kwa sababu mimi ndiye Dakta, mtu mzima wa timu.

"Mzee, naomba uniambie ukweli. Kuna huyo Rose?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningesema, tulimzunguka, tukambana, alikuwa anaumia. Ningesema hata sijui! Badala yake nikakohoa kama hakimu, nikamwambia, "Alitaja mwenyewe, nikiwepo. Na kinena hakidanganyi, mama."

Akasema asante. Asante! Nguo zikarudishwa kutoka kwa fundi, wazazi wakaacha kusalimiana, na Barasa akarudi kwa lori, sasa anakaa mbele na dereva kwa sababu hawezi kupanda juu ya magunia.

Na mimi nililala usingizi mzuri. Mpaka sikukuu moja walipopanga mechi ya wenye wake dhidi ya makapera.

Niliingia uwanjani bila hata kunyoosha kidole. Mpira ukaja, nikautandika kwa nguvu ambayo ingeupeleka Naivasha. Mpira haukwenda. Nilikwenda mimi. Kitu kilikatika ndani ya paja, nikakaa chini nikiona nyota mchana.

Mke wangu alikuwa kando ya uwanja na akina mama wengine. Akaja, akainama.

"Upande gani?"

"Mama, niache nipumue."

"Nimeuliza upande gani."

"Kulia," nikasema. Ulimi huu!

Alinyanyuka polepole akamgeukia mke wa jirani yetu, ambaye alikuwa amesimama tu na soda yake. Soda ikampalia yule mama masikini. Mke wangu akanirudia: "Kulia ni nani vile, Dakta? Si wewe ndiye umekuwa ukitufundisha?"

Niliapa kwa Biblia, kwa marehemu mama yangu, kwa cheti changu. Wapi! Nyumbani akaleta chupa yangu mwenyewe ya dawa ya kuchua, akaiweka mezani, mbali na mkono wangu. "Taja jina nikuchue."

Nilikuwa naumia hivi kwamba kujigeuza kitandani ilikuwa safari. Na ndugu zangu, nilifungua mdomo. Nilikuwa nataka kutaja jina, jina lolote la mwanamke yeyote, mradi aniache. Nikatazama juu darini kulitafuta.

Hapo ndipo nilipomwona Barasa.

Kesho yake mke wangu alinipeleka hospitali, si kwa huruma, ni kwa ushahidi. Tukapelekwa kwa fizio, mtaalamu wa misuli na viungo, binti mdogo anayeweza kuwa mwanangu. Akaniambia nilale chali nikunje magoti, akaweka ngumi yake katikati. "Bana, mzee." Nilibana, nikapiga yowe. Akamwambia mke wangu kwamba nimechanika msuli wa ndani wa paja, ule unaovuta mguu kuja katikati. Kwamba huchanika mtu akipiga mpira kwa nguvu, akinyoosha mguu kupita kiasi, au akikata kona kwa kasi, hasa mwili ukiwa bado baridi. Siku za mwanzo nipumzishe mguu, niweke kitu baridi juu ya kitambaa, nisichue, nisiweke moto, na asithubutu mtu kuuvuta! Baadaye nianze kubana mpira mdogo katikati ya magoti, kidogo kidogo, kisha kutembea, kisha kukimbia polepole, na kupiga mpira kuje mwisho kabisa. Na palipo na uvimbe unaojitokeza mtu akikohoa, aje upesi apimwe, huenda ikawa ngiri.

Kila alichokataza, mimi ndicho nilichomfanyia Barasa.

Nilimpeleka Barasa kwa huyo huyo fizio. Mguu wake unarudi, ingawa kwa kuchelewa, na lawama ya kuchelewa ni yangu. Halafu nikachechemea mpaka Njoro, nikasimama mbele ya duka la maziwa, nikamweleza Nyambura yote: ule mduara, zile kelele, Rose aliyeokotwa mawinguni. Nilidhani atalia, afunge duka, tuondoke pamoja kwenda kwa Barasa. Mimi hupenda kumaliza mambo kama harusi.

Aliendelea kupimia mteja maziwa. Kisha akasema, "Nimekuamini, mzee. Lakini pia nilikuamini ile siku ya kwanza."

"Sasa nitamwambia nini Barasa?"

"Mwambie mguu upone. Na yeye pia, mtu akimbana tena, aseme hapana hata akiumia. Mimi nitaishi vipi na mtu anayesema ndiyo ili aachwe akae chini?"

Nikataka kumwambia hata mimi nilifungua mdomo, nikiwa kitandani mwangu, na aliyenibana ni mke wangu tu. Mteja mwingine akaingia. Nikampisha.

Barasa nilimpa ujumbe wote. Aliusikiliza akiwa na mpira katikati ya magoti, akibana na kuachilia. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Kwa hivyo wewe uliye na begi la dawa katika timu yako ya mtaa, pengine na B kama yangu, nakuomba. Mchezaji akikwambia ameumia, mwamini alichosema cha kwanza, kabla hujambana akaanza kutafuta unachotaka kusikia. Mkalishe chini. Mpeleke kwa anayejua.

Swali moja lilikuwa limebaki kunikera. Mbona kushoto kwa Barasa, kulia kwangu? Niliporudi kwa fizio kwa mazoezi, nikajikaza nikamuuliza, kulia na kushoto tofauti yake ni nini hasa. Hakuinua hata macho kutoka kwa goti langu.

"Mara nyingi ni ule mguu unaopigia mpira, mzee. Basi."