Sauti ya Wassila, Maneno ya Mwingine

Majina yote humu nimeyabadilisha, kwa hiyo wambea wa Tunis wasijisumbue kutafuta. Huyu ninayemwita Wassila alikuwa msusi wa maharusi mtaani Bab Souika kwa miaka kumi na tisa. Mjane, mnene, mdomo wa pilipili. Bibi harusi akilia kitini pake, humwambia, "Lia sasa hivi, mwanangu. Nikishakupaka wanja ukilia utaniharibia kazi."

Sauti yake ndiyo iliyotupeleka kwake. Tulikuwa wanawake watano, tukikusanya habari za maisha ya wanawake wanaopenda wanawake, zisije zikazikwa nao. Hapa kwetu sheria huwafunga, na kabla ya sheria kuna kaka na mume. Sauti humtambulisha mtu, basi tulijiwekea desturi: mwanamke anasimulia, mimi naandika na kuondoa yanayoweza kumfichua, halafu mwingine anasoma na kurekodiwa, na rekodi ya kwanza inafutwa. Msomaji haambiwi habari ni ya nani. Wassila mwenyewe hakuwa mpenda wanawake. Nilipomwomba atusomee, alicheka. "Nimesikia siri za maharusi mpaka masikio yameota sugu. Lete."

Nikampa habari ya mwanamke aliyependana na rafiki yake kwa miaka tisa. Nilimkata mume, nikawakata watoto, nikajiona hodari. Nikauacha mlimau uliopandwa kwenye debe la mafuta ya zeituni juu ya paa, pale wapenzi hao walipokaa kila Alhamisi wakila makrudhi, vile vikeki vya tende. Mjinga mimi! Wassila alipofika hapo alikunywa maji, akaendelea kusoma mpaka mwisho. Nilidhani koo limemkauka tu.

Tukawaalika watu thelathini kuja kusikiliza, alasiri moja, kwenye chumba cha kukodi. Kazi yangu ilikuwa kukusanya simu mlangoni. Kuna aliyenipita na simu yake nguoni, Mungu anamjua, maana siku mbili baadaye sauti ya Wassila ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima.

Nikakimbilia saluni. "Sema ulisoma tu! Sema si yako!"

"Halafu wataniuliza ni ya nani," alisema Wassila. "Mlimau ule uko juu ya paa letu, dada. Mama hawezi kupanda ngazi. Wanaoanika nguo kule ni wawili, mimi na Dalila, na Alhamisi mimi humpeleka mama kliniki."

Dalila ni mke wa kaka yake, Moncef, na wote walikaa nyumba moja. Kumbe ndiye niliyemhoji! Alinipa jina la uongo, na wala sikujua kwamba ni wifi yake Wassila. Moncef akijua, atamfukuza Dalila, na Dalila hatawaona tena mabinti zake wawili.

Moncef aliingia bila hodi, simu mkononi. Mteja mmoja alitoka mbio na povu kichwani.

"Hii sauti ya nani?"

"Yangu."

"Na huo uchafu wa juu ya paa ni wa nani? Nijibu, kabla sijaenda kumuuliza mwingine nyumbani."

"Mwingine yupi? Ni mimi. Alhamisi wewe uko kazini, mkeo kampeleka mama kliniki, paa lote langu. Ulitaka nije nikuombe ruhusa?"

Akamzaba kibao. "Msagaji mkubwa we! Mama hutamwona tena."

Nilifumbua mdomo niseme. Wassila akanikazia macho, nikaufumba. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Jioni tulikwenda kuchukua nguo zake. Moncef alisimama ngazini, akamwamuru mkewe autoe mfuko. Ndani mama yao alikuwa akiita, "Wassila! Jamani, Wassila yuko wapi?"

Dalila aliuleta mfuko mpaka kizingitini.

"Mwambie," alisema Moncef.

"Usikanyage hapa tena," alisema Dalila, kwa sauti ya kumfikia mumewe. "Usiwaguse wanangu. Umetutia aibu."

Wassila akaupokea mfuko.

"Sawa, wifi," alisema. "Mama hunywa dawa yake saa mbili, akishakula. Usisahau."