Somo la Wimbi

Juzi niliona jaridani picha ya vijana waliolala kifudifudi juu ya mbao, kwenye mchanga mkavu, wakifundishwa kupanda mawimbi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa kando yao. Kumbe somo lenyewe lilikuwa la kweli.

Mimi nilifundishwa hivyohivyo nyumbani Kikatiti, juu ya ubao wa kuanikia kahawa. Baba mdogo, aliyekata mkonge wa Mzungu huko Tanga, alikuwa ameahidi kuondoka nami alasiri ile nikaione bahari. Mama alinifungia nguo.

“Fumba macho, bwana mkubwa. Wimbi litanguruma nyuma yako. Usiinuke mpaka nikuambie,” alisema baba mdogo.

“Nikiinuka mapema?”

“Utakunywa chumvi yote ya Tanga!”

Nilicheka, nikatulia. Ubao ulinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Ngurumo ikaja kweli, ikapita, ikafifia. Nilidhani nimefuzu, maana nimeisikia bahari. Nikangoja aniambie nisimame, nikasikia kuku tu.

Nilipofumbua macho, vumbi la lori lilikuwa likitua barabarani. Kifurushi changu kilikuwa bado kibarazani.

“Mama, baba mdogo ameniacha!”

“Njoo ule,” alisema.

Alikuwa amekwisha kupakua ndizi, sahani mbili, yake na yangu.