Mdogo Wangu Alifanya Usaili kwa Jina Langu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Admin, nakuomba unisitiri jina, maana majirani zetu wengi wanasoma ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Nguvumali, Tanga, na mama yangu na mdogo wangu wa kike. Nina kigugumizi tangu utotoni. Nina shahada ya elimu maalumu na nafundisha watoto viziwi kwa lugha ya alama. Darasani huwezi kujua kama nina kasoro, maana mikono yangu haikwami. Nikitoka nje ya geti, hata kununua vocha ni shughuli. Mdogo wangu, nimwite Zuhura, ndiye anayenisemea miaka yote.

Mwaka huu niliomba kusoma shahada ya uzamili ya tiba ya usemi, niwasaidie watu wenye shida ya kuongea kama mimi. Sikuandika popote kuwa nina kigugumizi. Niliogopa watasema mganga gani huyu asiyeweza kujiganga. Nilipoambiwa kuna usaili kwa simu, siku tatu chakula hakikupita. Nikamwomba Zuhura azungumze yeye kwa jina langu. Alikataa. Nikalia mpaka akakubali.

Ilikuwa baada ya alasiri, chumbani kwa mama, simu iko kwenye spika. Majibu yote nilikuwa nimemwandikia kwenye daftari. Mhadhiri, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akauliza, "Uko peke yako hapo?" Zuhura akaniangalia. Mimi ndiye niliyemwashiria aseme ndiyo.

Mwanzoni alisoma nilichoandika. Na hapa ndipo ninapoona haya zaidi: nilifurahi. Nilisikia jina langu likiitwa, na sentensi zikifika mwisho bila mtu kunimalizia. Nikatamani ile sauti iwe yangu kweli.

Kisha mhadhiri akauliza, "Kwa nini kozi hii hasa?" Zuhura akaliweka daftari chini.

"Nina dada yangu ana kigugumizi," akasema. "Nikienda naye sokoni nilikuwa natangulia hatua kadhaa, asije akaniongelesha mbele za watu. Walipokuja watu kutoka Pangani kumposa, mama alimwambia akae ndani, nikatoka mimi kuwaamkia, wakadhani mimi ndiye. Walipogundua hawakurudi. Yeye tulimwambia wameahirisha. Mpaka leo hatujamwomba radhi."

Nami nimekaa pale pale mbele yake, magoti yanagusana.

Simu ilipokatika nikamuuliza, "Yote yale ni kweli?" Swali hilo lilinichukua muda kulimaliza, na safari hii hakunimalizia.

"Nilitaka upate nafasi, dada," akasema, akatoka kwenda kuosha vyombo.

Nafasi nimepata. Mama kaita majirani, wamenisomea dua, nami nimeitikia amina huku nikitazama mkeka. Halafu mhadhiri akanitumia ujumbe. Anasema habari za dada yangu ndizo zilizowagusa, na nikija kuripoti mwezi ujao nije naye, wangependa kumsaidia. Zuhura ananiambia nijibu kuwa dada amekataa kusafiri. Mama anasema, "Nafasi imeandikwa jina lako, hukumwibia mtu. Nenda, na ya nyumbani yabaki nyumbani."

Juzi nilishindwa kuvumilia, nikampigia mhadhiri nimwambie ukweli. Akapokea. Nikakwama kwenye neno la kwanza, "Mi... mi..." Nikangoja akate, maana ndivyo watu wanavyofanya. Akasema taratibu, "Sina haraka, nakusikiliza." Maneno hayo sijawahi kuambiwa kwenye simu maisha yangu yote. Nikakata mimi.

Baada ya dakika chache ukaingia ujumbe wake: "Kama aliyepiga ni dada yako, mwambie apige tena. Nitamsubiri mpaka amalize."

Mpaka sasa sijapiga. Nikisema, naweza kuikosa nafasi na kumwaibisha Zuhura, ambaye mimi ndiye niliyemtia katika uongo huu. Nikinyamaza, siku nitakayofika pale na kufungua mdomo, yule mhadhiri atajua kuwa dada mwenye kigugumizi ni mimi, na kwamba siku ile nilikuwa pembeni nikisikiliza. Ndugu zangu, najua nimekosa, msiniongezee kwa matusi. Nipeni neno: nimpigie tena, au niiache nafasi hii kimya kimya?