Kinubi cha Papa na Betri Mpya

Naona haya hata kuanza, lakini mmeniuliza mara nyingi kwa nini sina kinubi nyumbani na baba yangu, Papa, ndiye aliyekuwa mpigaji, na nimechoka kusikia mkasa huu ukisimuliwa vibaya na watu ambao siku hiyo hawakuwepo, kwa hiyo acheni niuseme mwenyewe niupumzishe.

Sisi Wateso kinubi chetu tunakiita adeudeu. Kina tumbo la mti lililowambwa ngozi, shingo iliyopinda, na nyuzi tano (Papa alikuwa ameshaacha mishipa ya ng'ombe, akaweka uzi wa kuvulia samaki), na kila uzi una kigingi chake cha kukazia. Kupiga nilijua tangu utotoni. Kukaza nyuzi mpaka zisikilizane ndiko sikujua, na sitawadanganya, vidole vyangu vilienda shule, masikio yakabaki nyumbani. Basi Krismasi moja nilikwenda kwetu Amagoro na redio yangu ndogo ya kaseti, nikamwomba Papa apige uzi mmoja mmoja akiutaja, "huu wa kwanza, huu wa pili," nami nikarekodi. Betri zilikuwa zimekwisha, lakini nilikuwa nimezianika juu ya bati tangu asubuhi zikapata nguvu kidogo, nikaona nimemaliza mambo. Nikarudi kwangu Mbotela, Nairobi, kaseti nikaitia kwenye droo, sikuisikiliza tena.

Mwaka uliofuata dada yangu Akiru akapata mchumba, na wakwe wakapanga kuja kutuona nyumbani kwa shangazi yetu, Umoja. Papa akaja Nairobi na kinubi chake ndani ya gunia. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, hawezi tena kupiga, ila masikio yalikuwa mazima kabisa. Tukiwa kwangu tunakunywa chai akaniambia bila kuzunguka, "Jumamosi utapiga wewe. Nikiridhika, kinabaki kwako. Nisiporidhika, narudi nacho, nampa Omuse." Omuse ni binamu yangu, analima huko nyumbani, na mimi nilikitaka kile kinubi kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho baba yangu.

Jumamosi nilianza vizuri, lazima mnipe hiyo. Ukisafiri na kinubi unalegeza nyuzi ili shingo isivutwe njiani, nikalegeza. Unafunika ngozi isipigwe na jua, nikaifunika kwa shuka. Papa akatangulia na basi, mimi nikaenda kwa miguu toka Mbotela hadi Umoja nimekikumbatia (basi likijaa watu hawaangalii wanakalia nini), nikafika jasho linanitiririka, wageni wameshaketi, baba wa bwana harusi amevaa suti ya kijivu, shangazi anamimina chai, na nyuzi zangu bado zinaning'inia.

Papa, aliyekuwa kwenye kiti cha pili toka changu, akanyoosha mkono. "Lete karibu nisikie."

Ningempa tu, leo tungekuwa tunaongea mambo mengine. Lakini wakwe walikuwa wananitazama, nikaona aibu kusaidiwa na baba yangu mbele yao, mimi mtu mzima mwenye kazi ya mshahara, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Usijisumbue, Papa. Niko na kaseti."

Nikatoa redio mfukoni, ile kaseti ya Krismasi imo ndani, nikabonyeza, kimya. Ndugu wa bwana harusi, ambaye ni fundi wa redio, akazitoa betri akazitazama. "Shemeji, hizi zimekufa kitambo. Shika mpya, nimezinunua leo."

Zikawekwa, kaseti ikazunguka, na sauti ya Papa ikatoka nyembamba, mbio mbio, hata watoto wakaangua kicheko.

"Huyo ni kaka yangu ama ni kifaranga?" shangazi akauliza.

"Ni kaseti imezeeka," nikajibu kama mtaalamu, nikaanza kukaza. Uzi wa kwanza nikaukaza mpaka ukafika pale kaseti ilipofika. Kigingi kilikuwa kinalia. Papa akakohoa, sikumwangalia. Wa pili, wa tatu, mpaka wa tano, na ngozi ilikuwa imeinuka katikati, nami nikajiambia hiyo ndiyo dalili ya kazi nzuri.

Nikaanza wimbo wa kumsifu bibi harusi. Jamani. Kinubi kilikuwa juu, kwa hiyo na mimi ikabidi niende juu, sauti ikakwama, ikarudi, ikakwama tena, nikawa nalia kama jogoo anayejifunza kuwika. Akiru akajifunika uso kwa leso. Mtu mwenye akili angeacha, lakini nilikuwa nakitaka kinubi, nikafumba macho nikaongeza nguvu, na hapo uzi wa kwanza ukakatika ukamchapa baba wa bwana harusi shavuni, akashtuka, chai yote ikaishia kwenye suti. Nikasema, "Pole, mzee," nikaendelea na nyuzi nne (ndiyo, niliendelea). Sikumaliza ubeti. Ngozi ilipasuka toka shingoni hadi katikati kwa mlio uliomfanya jirani atokee mlangoni kuuliza nani ameumia.

Hakuna aliyecheka, na ningefurahi kama wangecheka. Yule fundi akachukua redio, akaisikiliza tena, akaniuliza polepole, "Wakati unarekodi, betri zilikuwa nzima?"

Nikamweleza habari ya bati na jua.

"Basi ndiyo hiyo, shemeji. Ulirekodi mashine ikiwa imechoka, inajikokota. Ukiiwekea betri mpya inakimbia, kila sauti inapanda. Ulikuwa unafukuza kitu ambacho mzee hakupiga."

Akiru aliolewa, msiwe na wasiwasi, wakwe ni watu wa Mungu na suti ilifuliwa. Jumatatu asubuhi nilimsindikiza Papa stendi ya mabasi, kinubi kiko ndani ya gunia, mimi ndiye nimekibeba, na safari hii hakikuhitaji kushikwa kwa uangalifu. Nikamwuliza, "Papa, ulikuwa unasikia nakosea?"

"Tangu uzi wa kwanza."

"Mbona hukunizuia?"

Akapanda ngazi ya basi, akageuka kupokea gunia lake. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Aliwamba ngozi mpya, akampa Omuse. Mimi sirekodi tena kitu ambacho mwenyewe yupo na anaweza kuniambia, nimeapa, lakini kiapo hakirudishi kinubi. Kila nikienda nyumbani nawakuta wamekaa nje, Omuse anazungusha kigingi anauliza, "Hivi, Papa?" na baba yangu anainamisha kichwa, anasikiliza, anamjibu, "Bado kidogo, mwanangu."