Vifungo vya Mzee Lomayani

Hata kuandika haya naona aibu. Mimi si msimamizi wa karakana yetu ya sare za shule hapa Ngarenaro; ni fundi kama wengine. Lakini mwezi uliopita niliwashawishi wenzangu tuache kila mtu kushona shati zima. Mmoja akate, mwingine aunge, mwingine ashone kola. Siku ya kwanza waliguna, kesho yake wakakubali wote. Nikavimba kichwa, nikadhani nina kipaji cha uongozi.

Mzee Lomayani, fundi mkongwe kuliko sote, nilimpa vifungo, kazi nyepesi ya kukaa. Alisema tu, "Sawa, mwanangu," akawa anabeba mashati kwenda kuyamalizia nyumbani kwake. Yalirudi vifungo vimekaa upande.

Jumatatu uvumilivu uliniishia. Nikainua shati moja mbele ya mafundi wote. "Mzee, samahani, lakini hii ni kazi gani? Unatuangusha!"

Aliyejibu ni mke wa Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni na furushi la mashati.

"Nimeshona mimi, baba. Yeye matundu ya vifungo hayaoni tena. Mishono mirefu alikuwa anaijua kwa mikono."

Nikawageukia wenzangu. "Mbona hamkuniambia?"

Dada Neema, mshona kola, akatazama chini. "Alitukataza. Wazo lako sisi tulilikataa. Yeye ndiye aliyetuomba tukukubalie, usivunjike moyo."

Mzee akanyoosha mkono kulipokea shati, akaupeleka pembeni kabisa ya pale nilipokuwa nimesimama.